Zamu ya Mwisho ya Babu Yako

Kuze, Mji wa Kale
Jumapili, baada ya magharibi

Mwanangu Rukia,

Umetoka na mamako kwenda kuwaaga shangazi zako, na nyumbani nimebaki mimi na sanduku lako. Basi la Kisumu linaondoka kesho asubuhi. Mamako ameshakuambia ya chandarua, ya sweta, ya kutokula vya njiani, na kama namjua vizuri atakuambia tena kabla hujalala. Mimi hapo sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu. Nimelikalia tangu mwaka juzi, na sitaki upande basi bila ya kulijua. Ni habari ya babu yako na jinsi alivyokufa. Niliyokuambia siku ile hayakuwa kweli.

Nivumilie nianze mbali kidogo. Wanijua nilivyo, siwezi kuandika mstari wa kumi kabla ya ule wa kwanza.

Wewe babu yako ulimjua akiwa mzee wa nyumba. Mimi nilimjua kwanza kama mgeni. Babake alikuwa mwalimu wa madrasa papa hapa Kuze na alitaka mwanawe aishike kazi ile baada yake. Yeye, uhuru ulipokuja, akaenda kujiandikisha jeshini, na mwalimu akakaa miaka miwili hasemi naye. Nilipozaliwa mimi alikuwa bado askari. Alikuja likizo mara moja kwa mwaka, na likizo yenyewe ilikuwa ukaguzi. Kila asubuhi alisimama mbele ya kitanda changu, mikono nyuma.

"Shuka hii imekunjwa?"

"Imekunjwa, baba."

"Mimi naiona imelala."

Basi nikaanza upya. Nilikuwa na miaka sita. Watoto wenzangu baba zao waliwabeba mabegani mpaka mbele ya Ngome wakawanunulia karanga. Wangu alinifundisha pembe za shuka. Nilimwekea kinyongo kwa hilo miaka mingi. Halafu nikawa karani kwenye ghala la chai kule Shimanzi, nikasifiwa kwa unadhifu wa madaftari yangu, na hata siku moja sikumwambia kwamba unadhifu ule niliutoa kwake. Ningemwambia kwa maneno machache tu, baada ya chakula, akiwa anajifuta mikono. Nafasi hiyo nimeikosa.

Alipotoka jeshini alikuwa mlinzi wa lango katika shule ya msingi mpaka akazeeka. Vijana wa barazani walimwita Sajini, na yeye akawajibu kila mara, "Koplo. Mtu asinipandishe cheo bila ya barua." Unakumbuka wale watembeza wageni pale Ngome walivyokuwa wakimchokoza? Mmoja alimwita mbele ya Wazungu, "Sajini, njoo uwaelezee hawa vita vya Wareno!" Akasimama, akaegemea bakora yake, akasema, "Wareno sikupigana nao. Nimezeeka, lakini si kiasi hicho." Ulirudi nyumbani ukatuigizia sauti yake, mamako akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Natamani kumsikia akishuka ngazi. Bakora kwanza, halafu mguu, halafu mguu wa pili. Mpaka leo nikiwa nimeinama kwenye kazi yangu hunyanyua kichwa nikidhani ni yeye.

Bibi yako alipofariki ndipo akili yake ilipoanza kumtoka. Kwanza alipoteza majina, kisha miaka. Mwisho, kila alasiri, akawa anavaa kofia yake, anachukua bakora, anashuka na kukaa dakani, pale mlangoni, kwenye kibaraza cha mawe, mgongo umenyooka, macho kwenye kichochoro. Na swali lake lilikuwa moja.

"Nani yuaja kunipokea zamu?"

Mimi nilimweleza. Hiyo ndiyo tabia yangu, kitu kikiwa hakiko mahali pake nakirudisha. "Baba, hapa ni Kuze. Vita vilikwisha zamani. Wewe umestaafu." Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari na mtu asiyemwamini. "Wewe umetumwa na nani?" Akakataa kuingia. Mvua ikanyesha, akakataa. Magharibi tukamwingiza kwa mikono, huku machozi yanamtoka, akisema ameacha lindo tupu.

Shajara zangu za mwaka ule nimezifungua leo mchana. Karibu kila ukurasa umeandikwa jambo lile lile. Baba kakaa dakani tangu alasiri. Nimemweleza mara mbili. Nimemweleza mara nne. Nimemweleza, haelewi. Mtu mwingine akisoma atadhani aliyekuwa mgonjwa ni mwandishi.

Halafu Jumatano moja ukarudi kutoka skuli na mkoba wako mgongoni. Mimi nilikuwa dirishani juu.

"Simama! Nani?"

"Mimi, babu."

"Mimi nani? Neno la siri?"

Nilifungua mdomo nikuambie umwache. Kabla sijasema ukajibu, "Halua."

Akafikiri. "Halua ya jana au ya leo?"

"Ya leo, babu. Bado yatoka moshi."

"Pita." Kisha akashusha sauti. "Ni wewe uliyeletwa kunipokea?"

Ukaweka mkoba chini, ukasimama wima. "Ndiyo, afande. Zamu nimeipokea. Nenda ukapumzike."

Akainuka peke yake. Akakukabidhi bakora kwa mikono miwili, akapanda ngazi kwa kushika ukuta, akaswali, akalala. Hakulia siku ile.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yako ya kila siku. Ukawa unabadilisha neno. Mahamri, achari, mkate wa mofa. Siku moja ulimwambia kisamvu, akakataa kukupisha. "Kisamvu ni neno la jana. Adui ameshalisikia." Ukalazimika kuzunguka hadi nyumba ya pili na kurudi na neno jipya. Swaleh wa duka la halua, jirani yetu, alikuwa akifunga hesabu zake akuone tu. "Leo ni neno gani, Rukia?" akikuuliza. Nawe, "Siri, ami. Hata wewe huaminiki."

Nami nilikuambia nini? Nilikuita jikoni nikakuambia, "Usimdanganye babu yako." Ukanijibu bila ya ukali wowote, "Simdanganyi, baba. Angoja mtu aje. Si nimekuja?" Maneno yako niliyaandika jioni ile kwenye shajara, na chini yake nikaandika, Hili si sawa. Nikayapigia mstari chini.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya karatasi yako ya mwisho ya kidato cha nne. Mamako alikuwa amevuka Feri kwenda matangani Likoni. Mimi nilichukua ruhusa kazini nikae naye, maana alikuwa hajanyanyuka kitandani siku tisa. Adhuhuri alikunywa vijiko viwili vya uji. Baadaye kidogo akakaa mwenyewe kitandani, akaomba kofia. Nilipomshika kumteremsha ngazi nilishangaa. Nimewahi kubeba magunia matupu yaliyokuwa mazito kuliko yeye.

Nikamkalisha dakani. Nilikuwa na karatasi za kazi nilizokuja nazo nyumbani, za shehena ya chai iliyokataa kulingana, na kichwa changu kilikuwa huko.

"Nani yuaja kunipokea?"

"Baba, hapana zamu. Uko nyumbani."

"Nani kaondoa zamu? Kwa amri ya nani?"

"Hapana amri, baba. Pumzika."

Nikaingia ndani. Akaniita. Akaniuliza tena. Nikamjibu. Nikaingia. Akaniita mara ya tatu, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, kama mtu asiyetaka wengine wasikie. "Mwanangu, mimi nimechoka. Niambie ukweli. Yuaja mtu?"

Alisema mwanangu, Rukia. Alikuwa hajaniita hivyo tangu mwanzo wa maradhi yake. Na mimi badala ya kulisikia neno lile nikasikia kwamba ananikatiza kazi. Nikapaza sauti. Nikamwambia, "Hapana mtu, baba! Hakuna mtu yeyote anayekuja!"

"Hakuna?"

"Hakuna."

Akaivuta kofia yake ikakaa sawa. Akanyoosha mgongo. Akasema, "Basi nitakaa."

Nikarudi kwenye karatasi zangu. Nilizikamilisha. Hilo ndilo linalonitafuna, kwamba nilizikamilisha na hesabu zikalingana, na nikafurahi. Adhana ya alasiri ilipopigwa nikatoka kumchukua. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya bakora, macho wazi yakitazama kichochoroni. Hayakuwa yakitazama tena. Sikuwepo kumtamkisha shahada. Mwanawe wa kiume wa pekee, hatua kumi na mbili ndani ya nyumba, na hakuna aliyemtamkisha shahada.

Swaleh ndiye aliyenisaidia kumpandisha juu. Tulimlaza kitandani, tukamfumba macho, nikamfunika. Swaleh akanitazama nikimpanga babu yako kama nilivyofundishwa kupanga shuka, pembe kwa pembe. Akasema, "Abdulrahman, utawaambiaje?" Nikamwambia, "Alikuwa amelala." Kisha akasema, "Ya ndani kwako ni yako. Mimi nilikuja kubeba tu." Hajaitoa siri hiyo mpaka leo.

Wewe ukaja na sare yako, umebeba kalamu zako kwenye mfuko wa nailoni, ukakuta watu mlangoni. Hukuuliza amekufa lini wala amekufa vipi. Uliuliza, "Alikuwa ananingoja?"

Nikakuambia, "Hapana, mama. Alikuwa usingizini. Hakujua hata kidogo."

Ukasema alhamdulillahi, ukaniegemea, ukalia kilio cha mtu aliyepata nafuu.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Alikuwa anakungoja.

Ona nilivyo. Mwaka mzima nilikataa kumwambia baba yangu neno dogo la kumpumzisha, kwa kuwa niliona ni uongo na mimi sisemi uongo. Saa hiyo hiyo alipokufa nikamwambia mwanangu uongo mkubwa, na huo haukuwa wa kumpumzisha yeye. Ulikuwa wa kunificha mimi.

Nilidhani utakwisha wenyewe. Matanga yatapita, arobaini itapita, nami nitauzoea. Kisha mwaka huu ukaniletea ile barua yako ya kuombea nafasi chuoni nikuangalilie tahajia. Ulieleza kwa nini unataka kuwa muuguzi. Uliandika kwamba babu yako alikuwa askari, akapoteza kumbukumbu, na alifariki kwa amani usingizini kwa sababu watu wa nyumbani walijua namna ya kukaa naye. Nilisoma mara mbili. Nikasahihisha herufi moja. Nikakurudishia, nikakuambia nzuri sana. Wewe ukafurahi, mimi nikaenda msikitini mapema nisikae nawe.

Wakakuchukua kwa barua ile. Na ulistahili, usije ukadhani vingine. Sehemu yako katika barua ile yote ni kweli. Iliyo uongo ni yangu.

Kuna jambo jingine nililipata leo, na nadhani ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Katika kupekua shajara nilirudi nyuma sana, mpaka mwaka niliomuoa mamako. Kuna siku ya mvua kubwa nimeandika hivi: Paa la jikoni lavuja pembe ya kaskazini. Tumeweka ndoo mbili. Baba asema rafiki yake Katana aliuawa njiani akija kumpokea zamu. Alisimama mpaka kesho yake. Kumwita fundi Ijumaa.

Ni hivyo tu. Katikati ya ndoo na fundi.

Nilipoisoma ndipo nilipokumbuka jioni ile, kwa shida, kama mtu anayetazama kupitia kitambaa. Tulikuwa tumekaa jikoni, tukisikiliza matone, na yeye akaanza kusema bila ya kuulizwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema kule kaskazini mwa nchi, katika vita vya baada ya uhuru, walikuwa wakilinda kisima, na Katana alikuwa mtu wa Kaloleni, Mgiriama, Mkristo, na wao wawili ndio waliokuwa watu wa pwani peke yao katika kikosi. Usiku na mchana walisemezana kwa lugha ya nyumbani na kuombana madafu ambayo hayakuwepo. Katana akija kumpokea alipenda kupiga kelele akiwa mbali, "Koplo, nakuletea dafu!" Siku ile hakupiga kelele. Bomu la ardhini lilimchukua kabla hajafika. Babu yako alisikia mlio, lakini hakuwa na ruhusa ya kuondoka lindoni. Akasimama hapo mchana, na usiku, na asubuhi yake, akijua ni nani asiyekuja.

Nina hakika alisema zaidi ya hayo. Mimi nilikuwa natazama ndoo isijae.

Basi mwaka wote ule aliokaa dakani akiuliza, jibu nilikuwa nalo ndani ya kabati, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa nikimwambia vita vimekwisha, na yeye hakuuliza habari za vita. Alikuwa akimuulizia Katana. Na wewe, ambaye hujapata kulisikia jina hilo mpaka dakika hii, ulimjibu sawasawa.

Kule ghalani tuna kanuni moja. Kosa katika daftari halifutwi wala halichanwi ukurasa. Linapigwa mstari mmoja, lisomeke chini yake, la sawa linaandikwa juu, na aliyekosea anatia saini pembeni. Kwenye shajara yangu, siku aliyokufa babu yako niliandika: Baba amefariki alasiri, usingizini. Ndicho kitu pekee cha uongo nilichopata kuandika humo. Leo nimekipiga mstari, nikaandika yaliyotokea, nikatia saini. Kisha nikaona haitoshi, kwa sababu shajara haisomi mtu.

Huko uendako utakaa na wazee wasiojua wako wapi. Sikufundishi kazi hiyo. Ulinishinda ukiwa na miaka kumi na saba. Nakuomba kitu kimoja tu. Utakuta pembeni ya kitanda mtoto wa mgonjwa, mtu mzima, mwenye kazi zake, anamsahihisha mzee wake na kupaza sauti. Usimchukie. Mvute kando umwonyeshe. Mimi hakuna aliyenionyesha. Hapana, si kweli hiyo. Wewe ulinionyesha kila siku, nami nilikuwa dirishani natazama.

Barua hii nitakupa leo mkononi ukirudi kwa shangazi zako. Sikutaka kukupa kesho kituoni ukaisoma safarini, ukawa huna wa kumuuliza. Uliza utakacho. Ukitaka kumuuliza Swaleh, nimeshamwambia, na amesema atakujibu. Mamako nitamwambia mwenyewe, kabla ya alfajiri. Ukitaka kutosema nami kesho, mimi bado nitakubebea sanduku, nitahakikisha umepata kiti cha dirishani, na sitakulazimisha neno.

Katika nyumba hii nitakosa kusikia mambo yako mengi. Kucheka kwako na mamako, mlango unavyoubamiza, unavyoniita baba ukiwa bado kichochoroni. Nilidhani kukosa watu nimeshakuzoea kwa babu yako. Kumbe bado sijaanza.

Radhi zangu unazo, Rukia, zote, tangu siku ile uliposema halua, na hazina sharti. Msamaha wako nitaungoja. Usiuharakishe kwa kunionea huruma. Ukichukua mwaka, chukua mwaka. Ukichukua miaka, ni haki yako.

Nenda Kisumu ukiwa na baba huyu aliyekuandikia. Yule wa kwanza, asiyekosea, hakuwahi kuwepo.

Babako,
Abdulrahman